Ambwene, Miezi Kumi na Mmoja

Kibiriti hakikufaa, mama yake alisema,
maana kinyesi kilikuwa maji matupu, kikalowesha kasha;
ndipo akakinga kwenye kikopo cha mafuta ya kujipaka,
akakifunga kwa jani la mgomba na uzi wa kufumia,
akashuka nacho ukungu ukiwa bado umelala
juu ya mashamba ya chai kama mgeni asiyeaga.

Bibi kasema meno.
Jirani kasema jicho la mtu.
Mwenye duka kampa vidonge vya rangi mbili, nusu nusu,
na agizo: mnyime ziwa hadi tumbo likauke.

Siku ya sita ya kuhara. Nesi Subilaga
akambana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, akaachia.
Ngozi ikakawia kurudi.
Mtoto akalia. Shavu kavu.
"Kina damu?"
"Hakina."
"Harufu?"
"Yai viza, nesi. Na povu."
Subilaga akanipa kikopo bila neno.

Kazi yangu ni kutazama.
Tone la maji ya chumvi, tone la ugonjwa,
kioo juu ya kioo, na ile darubini ya zamani
inayokopa nuru dirishani siku umeme ukikatika.
Nikazungusha. Ukungu. Ukungu tena. Kisha

jani.
Jani likianguka pasipo upepo,
likipinduka, likielea, likipinduka tena,
na lilipotulia likawa uso:
macho mawili makubwa, kidevu chembamba,
likinikodolea kama mdai.

Giadia, niliandika.
"Maji mnachota wapi?"
"Kisima cha chini, kwenye matete,
penye mparachichi uliopigwa na radi."

Napajua.
Juu ya mparachichi ule kuna nyumba ya bati jekundu
na nyuma ya nyumba choo kipya
nilichomlipa Gwamaka achimbe kiangazi.
Futi sita tu, maana alikuta mwamba,
nami nikasema yatosha, nani atakuja kupima?
Masika yakaja. Mvua ya Rungwe haibishi hodi,
na maji hayasomi hati ya kiwanja.

Tulimpa chumvichumvi, pakiti kwa lita ya maji yaliyochemshwa,
kijiko, kisha kijiko;
akitapika, ngoja dakika kumi, anza tena.
Zinki siku kumi, hata kuhara kukikoma siku ya tatu.
Ziwa, usiku na mchana, asiachishwe.
Na dawa ya yule mwenye macho,
chungu, hata Subilaga hukunja uso akiikoroga.
Jioni machozi yalirudi.
Sijawahi kuona watu wazima wanne
wakifurahia kilio namna ile.

"Dokta," mama akaniita, nami si dokta,
"umeona nini humo?"

Kwa Kinyakyusa, Ambwene ni Ameniona.
Alimwita hivyo kumshukuru Mungu.
Nilifuta kioo kwa spiriti. Nikakifuta tena.

"Chemsheni maji," nilisema. "Yatokote kabisa.
Na mikono, kwa sabuni, kabla ya kumlisha."
Hayo yameandikwa ukutani, yeyote angeyasema.
Hakuondoka. Mtoto begani aligeuza shingo
na macho yake mawili, yenye majimaji sasa,
yakatua kwangu, yakakaa.

"Choo cha juu ya kisima," nilisema, "ni changu."

Hakunitukana. Ningependa angenitukana.
Alikaza kanga ya mgongoni, akauliza
kama dawa inywewe kabla ya uji au baada.

Saa kumi na moja Gwamaka alinikuta
nimeshapigilia mlango wa choo misumari,
nasimama upande wa pili wa kilima na sululu,
kule ambako maji hayarudi kisimani.
Nilimweleza yote, hata jani lile.
Alisikiliza akitafuna kipande cha muwa.
Kisha akatoa kamba mfukoni,
akaifunga fundo kila futi, taratibu,
akanirushia ncha.

"Leo," alisema, "utapima mwenyewe."